Maji Safi Kuliko Yote

2 Februari

Baba, shikamoo.

Natumaini mgongo umepunguza ubishi, hata kama mwenyewe hujapunguza. Mimi mzima. Kufua mashuka ya hoteli kunanikausha mikono, lakini kazi ipo. Mama anaendeleaje?

Uliniandikia kwamba tangu idara ya maji izidishe dawa kwenye bomba, samaki wa Mama tangini wanapanda juu kuhema. Nimemuuliza muuza samaki wa mapambo wa mtaani kwangu. Anasema ununue mashine ya kuchuja maji, uifunge jikoni. Ziko za namna nyingi. La msingi, Baba, maji yawe safi.

Fanya hima. Mama amemsahau kila mtu, lakini yule samaki mwekundu bado anamwita kwa jina langu. Huyo akiwa hai, nami bado nimo kichwani mwake.

Mwanao,
Kifungua

20 Februari

Kifungua mimba wangu,

Marahaba. Mgongo hauna adabu, ila bado unanibeba. Mama yako anakula. Mimi ananiita fundi. Jana aliniuliza nitamaliza lini kazi niende kwangu. Lakini asubuhi anavuta kiti mbele ya tangi, anagonga kioo na kuuliza, "Kifungua, umeamka?" Mwekundu anakuja mbio. Basi anamsimulia ulivyokuwa ukificha viatu usiende shule, na hakosei hata neno.

Nimekwenda idara ya maji. Bwana wa kaunta akasema maji yao yamepimwa, ni salama. Nikamwomba anywe glasi moja mbele yangu. Akamwita mlinzi. Hawa ndio watu wetu: wanakutilia sumu, kisha wanakudai shukrani.

Dukani nilionyeshwa mashine mbili. Moja ni ya mkaa, inaondoa dawa na harufu. Nyingine ina utando usiopitisha kitu: dawa, chumvi, madini, vyote vinabaki nje. Muuzaji akasema wafuga samaki huchukua ya mkaa. Nikamuuliza kwa nini mke wangu apewe nusu ya usafi. Maisha yangu yote gazetini nimepigana na nusu: nusu ukweli, nusu haki. Nimechukua ya utando. Umesema safi, basi safi. Jumamosi namwaga maji yote ya zamani, najaza mapya.

Na simu sinunui, usinisumbue. Anayetaka kunidanganya aandike, nibaki na ushahidi.

Baba yako

3 Machi

Baba, shikamoo.

Leo salamu nazifupisha. Kama hujajaza tangi, usijaze. Muuza samaki alishika kichwa nilipomsomea barua yako. Maji yasiyo na chumvi wala madini hata chembe ni maji matupu, samaki hadumu humo. Maji safi kwake ni yaliyotolewa dawa tu. Neno nililirusha mimi bila kulieleza, nawe ukalidaka ulivyozoea kudaka maneno, kwa mikono miwili.

Changanya na maji ya zamani, kidogo kidogo. Na kama umeshajaza, niambie ukweli.

Mwanao,
Kifungua

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimekawia kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilijikuta naandika habari za idara ya maji.

Barua yako ilifika samaki wameshazikwa uani. Maji yalikuwa maangavu hata ungedhani tangi halina kitu. Wadogo walitangulia. Mwekundu alilala chini siku nzima, na Mama yako akigonga, akigonga.

Nikanunua mwingine, mwekundu, umbo lilelile. Mama yako akamtazama kidogo tu. "Huyu mtoto wa watu," akasema. "Mrudisheni kwao." Tangu hapo anajifunika shuka kichwani, na chakula namlisha kwa kumbembeleza. Majirani walipokuja kumjulia hali, aliwaambia amefiwa na kifungua mimba wake. Wakampa pole. Wakaja mlangoni wakanipa na mimi. Mimi niliyebishana na mawaziri, nikapokea.

Juzi nilimsomea barua zako zote. Nikamwambia mwanao mzima, ana kazi, anakusalimu. Akanishika mkono kwa upole, kama mtu anayemhurumia mwongo.

"Fundi," akasema, "maiti haandiki."

Umeomba ukweli. Ndio huo.

Baba yako

27 Mei

Baba, shikamoo.

Pole kwa mgongo, na pole kwa mengine. Likizo wamenikatalia, nimeacha kazi. Nitafika Ijumaa.

Usimwambie Mama kwamba ni mimi. Asibishane tena na mtu, amechoka. Mwambie anakuja mgeni aliyemfahamu marehemu, anataka kukaa naye msibani. Anisimulie habari za mtoto wake, nami nitasikiliza mpaka amalize. Ukiniona nalia, niache, waliofiwa hulia.

Na jina langu, Baba, usiliseme humo ndani.

Mwanao