Mlango wa Mama Mkwe Umewekwa Ukumbini

Mpendwa Bibi Eustadia, naomba unisaidie kabla sijawa kichekesho cha Tabora nzima. Mimi ni katibu wa kijiji cha ujamaa, na mwaka huu wa 1975 tumejenga ukumbi wa mikutano kwa miti na milango ya tembe la zamani walimokuwa wakilala wapagazi wa misafara, ambalo mwishowe lilikuwa nyumba ya mama mkwe wangu kabla hatujahamia kijijini, na kazi ilikwenda vizuri hadi nilipoona mlango wa ukumbi ndio ule wa chumba chake cha kulala, mlango ambao kwa mila zetu mkwe wa kiume hapiti hata nyumba ikiungua, basi nikawa naingia mkutanoni kwa dirisha, wanakijiji wakasema katibu anaudharau ukumbi wao na wakataka nivuliwe ukatibu, mke wangu Paskazia akawa haendi kisimani kwa aibu.

Jumamosi iliyopita suruali ilinasa kwenye msumari, nikaning'inia nusu ndani nusu nje. Mama mkwe akasimama upande wa wanawake, kajifunika kanga usoni, akasema kila mtu akisikia: "Paskazia, mwambie mkwilima wangu mlango huo niliutoa mwenyewe. Chumba changu sasa kiko nyumba mpya. Apite." Bibi, nilishusha pumzi, machozi yakanitoka hapo hapo dirishani. Lakini baba zangu wadogo wanasema nikipita nitamvunjia heshima. Nipite?

Shilinde, Tabora

Shilinde mwanangu, pole kwa suruali. Nimecheka, kisha nimekukasirikia. Mwenye mlango amekuruhusu mbele ya kijiji, nawe unakuja kuniuliza mimi niliye mbali? Na kwa nini hukumtuma mkeo akamuulize mama tangu siku ya kwanza? Adabu yako naipenda, ila hao baba zako wadogo waambie hivi: mlango ulikuwa mwiko kwa sababu nyuma yake alilala mama. Leo nyuma yake kuna mabenchi na mwenyekiti wa kijiji.

Mpelekee mama doti ya kanga kupitia kwa Paskazia, umshukuru. Siku ya mkutano wachukue hao wazee wako, mpite mlangoni pamoja. Ukishaingia, kaa upande wa wanaume, usimkazie macho; hayo hayajafutwa. Mama mwenye haya kama huyo amesema mbele ya watu wote ili wewe usiaibike. Usimlazimishe asimame tena.