Siku Niliyomjibu Jirani Ukweli

Kasulu, Novemba 2013

Mjukuu wangu Neema,

Huku tupo, ila kifua cha babu yako bado kinamsumbua, na maharage yameozea shambani kwa mvua. Umeniuliza niliwezaje kushinda ndani na watoto wadogo bila kuchanganyikiwa. Sikuweza, mama.

Tulipohamishiwa Kibondo, babu yako alishinda kazini, nami nikabaki na mama yako na wadogo zake mapacha. Waha, wenyeji wa huko, kama ujuavyo, husalimiana kwa kirefu. Kila asubuhi jirani yetu, Mama Yeremia, alisimama mlangoni na jembe lake, akipiga makofi taratibu.

"Mwakeye! Watoto wamelalaje? Na wewe mwenyewe?"

Nilijibu "salama" harakaharaka ili aende zake. Asubuhi moja mapacha walilia wote wawili, nikamjibu, "Mimi si mzima. Naogopa nitawapiga."

Aliegemeza jembe ukutani. "Nipe huyo anayelia zaidi. Wangu saba wameshaniziba masikio." Akambeba mgongoni, akaenda naye kulima.

Huzuni ilirudi kesho yake, na miezi mingi baadaye. Ila nilianza kuelewa kwa nini salamu zao ni ndefu: mtu hasemi yaliyomsibu akiulizwa mara moja tu.

Laiti ningekuja kukubebea mmoja, lakini siwezi kumwacha babu yako. Najua huko mjini watu husalimiana wakipita. Hata hivyo, jirani yako akikuuliza habari, usimwambie "nzuri" kama si nzuri.

Bibi yako akupendaye