Kizingiti Ulichokuwa Ukinivusha

Baba,

Mvua imeanza huku Busia, na maji hayajaingia dukani. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Nakuambia mapema ili utulie nikusimulie vizuri. Mlango wako wa kusukuma pembeni nimeubomoa. Si wote. Ngoja, usinune bado.

Tulipokwisha kukuzika na kunyolewa nywele, Baba Mdogo Wandera aliketi na wazee kupanga mambo uliyoacha. Shamba halikuwa na maneno. Duka ninaloshonea ndilo lililoleta kelele. Baba Mdogo alitaka lipangishwe kwa mfanyabiashara wa mtama, nami na cherehani yangu ya mkono tuhamie kwake, upande wa Alupe, niwe nikikaa na watoto wake. Hakusema kwa ubaya. "Nabwire," akaniambia mbele ya wote, "wewe utafungua duka namna gani na huwezi hata kuvuka mlango? Nani atakuwa anakubeba kila siku?"  Nikaomba tu anisubiri mpaka mahindi yavunwe, halafu aje aone mwenyewe. Nikishindwa, nitafungasha. Wazee wakakubali, nadhani kwa kunihurumia.

Nikasukuma kiti changu cha magurudumu mpaka mlango wa duka, nikakwama. Unajua jambo la ajabu? Tangu masista wa Nangina wanipe kiti hiki, sikuwa nimekitazama kizingiti kile hata mara moja. Kila nilipofika pale, uso wangu ulikuwa begani mwako, nanusa vumbi la mbao kwenye shati. Ulikuwa ukiniinua na kuniuliza kwa sauti ya askari wa boda pale mpakani, "Abiria, pasi iko wapi?" Nakuonyesha kiganja kitupu, unanivusha, halafu unarudi kuchukua kiti. Ilibidi ufe ndipo nikione.

Basi nikakiona. Gogo la mvule lililoinuka kupita kifundo cha mguu, na juu yake chuma chenye mfereji ambamo magurudumu ya mlango yalipita. Nikainama nikalipapasa. Kwa nini uliliinua hivyo? Nikaanza kuuliza kila aliyepita, maana sikuwa na kazi nyingine. Mama Zuhura, jirani yetu wa vitenge, alisema ni kwa ajili ya maji ya barabarani. Mtu wa mtama alisema panya. Mteja mmoja kutoka Tororo aliapa ni kuzuia kuku, kwa sababu kwake ni hivyo. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Halafu nikalia, maana wewe ndiye ungelipenda hilo la kuku.

Nikamwita Fundi Ekisa, seremala mwenzako wa Malaba. Alikuja na nyundo yako ile aliyoiazima kwako asirudishe, hana hata haya. Kwanza tulijaza udongo mwekundu nje na ndani, tukaushindilia ukawa mteremko. Nikapanda vizuri kabisa, mpaka magurudumu madogo ya mbele yakatumbukia ndani ya ule mfereji wa chuma na kunasa. Kiti kikasimama, mimi nikaendelea. Mama Zuhura alinidaka kwa kanga yake. Ekisa akaziba mfereji kwa ufito wa mbao, nikapita bila shida, lakini sasa mlango wenyewe ukagoma kutembea. Tukatazamana. Ama niingie mimi, ama ufungike mlango.

Ndipo nikauliza swali ambalo nilidhani ni la kijinga. "Fundi, ni lazima mlango utembee kwa chini?"

Ekisa akacheka mpaka akaketi. "Mama, si ile milango ya bohari hapo stesheni yetu inaning'inia tu kwa juu? Mimi na mzee wako ndio tuliifunga, kabla hujapata kiti hiki!"

Baba! Kumbe ulijua. Ulijua kabla hata sijapewa kiti. Mikono yako ilikwisha kutengeneza mlango usio na kizingiti, Malaba pale, kwa ajili ya mikokoteni ya magunia, na nyumbani ukaniachia gogo. Sitakuficha, nilikukasirikia siku nzima. Sikutaka hata chai.

Lakini kazi haikungoja hasira yangu. Tuliung'oa mlango, Ekisa akahamisha magurudumu juu kwa vipande bapa vya chuma alivyovipinda kama ndoano, akafunga chuma cha kupitia juu ya fremu. Ukaning'inia. Ukapendeza! Kisha upepo wa jioni ukaja, na mlango ukaanza kupigapiga ukuta. Nikamwambia tunahitaji kitu cha kuushika kwa chini, ila kisikae njiani. Akafunga kibao kidogo chenye mwanya pale pembeni, kwenye upande ambao ukuta unafunika, na mlango unapita ndani yake ukiwa wazi au umefungwa. Mimi sikigusi kabisa. Nilifurahi mno kwa kibao kile, sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikiwaza mwenyewe.

Yalibaki maji. Gogo lilipotoka, Mama Zuhura akatabiri kwamba nitashona nikiogelea. Tulichimba mtaro mbele ya mlango, tukainamisha sakafu ya nje ielekee huko, na juu ya mtaro tukaweka mbao zilizoachiana nafasi. Ekisa alizilaza zikielekea ndani, na gurudumu dogo likaingia katikati yake papo hapo. Akazigeuza zikatize njia, basi. Sasa nikipita zinanung'unika kidogo tu chini yangu. Mvua ya kwanza ilipopiga, nilikaa ndani nikiyatazama maji yanavyofika, yanavyosita, yanavyoshuka. Niliyatazama mpaka yakaisha, na nguo ya mtu ikachelewa.

Lakini lile swali halikuniacha. Nikampelekea Mama Zuhura: kwa nini fundi aliyejua hakufanya? Alikuwa anakunja vitenge, hakuinua hata macho. "Mwanangu, yule mtu alikuwa akiamka kabla ya adhana na kufanya kazi mpaka giza. Saa ngapi tena angekukumbatia?"

Sijui kama ni kweli. Huenda ulikosa muda tu. Huenda uliogopa maji, au hukuwahi kuwaza kwamba ipo siku mikono hiyo haitakuwepo. Nayageuza yote haya nikiwa nashona, na kila siku nakuta jingine. Ningekuwa na wewe hapa ningekuuliza, ungesema "maliza kwanza hiyo kola," nami nisingepata jibu vilevile.

Baba Mdogo alikuja juzi, mahindi yakiwa yamevunwa. Alinikuta nje ya duka. Akasimama karibu na mlango, mikono nyuma, akingoja kuona nitamwita nani. Sikumwita mtu. Nilifungua kufuli, nikasukuma mlango kwa kiganja, nikaingia, nikageuka nikamwambia, "Karibu ndani, Baba Mdogo."

Naye akaja, akainua mguu juu kuvuka gogo ambalo halipo, akakanyaga hewa, nusura aanguke kwenye meza ya kukatia. Tukatazamana. Akarudi nje, akaingia tena, polepole, akitazama chini. Mara ya tatu aliingia tu kwa kupenda. Halafu akavua koti akaniambia, "Hii kwapa imechanika. Utanishonea lini?" Hayo ndiyo maneno yake yote kuhusu duka.

Wateja wengi bado wanainua mguu pale. Ninawacheka, lakini mimi nina langu ambalo sijamwambia mtu. Kila asubuhi nikifika mlangoni, kabla sijakumbuka, mikono yangu inainuka kutafuta shingo yako.

Lala salama, Baba yangu. Nakuahidi mlango huu utafunguliwa kila asubuhi, na nitaufungua mwenyewe. Nitakuwa natulia kidogo pale nje, mpaka mikono ishuke yenyewe. Kisha nitashika magurudumu, niingie kazini.

Binti yako,
Nabwire