Shati kwenye Kamba ya Bendera

Jumapili jioni, Busia

Na bado bendera hazikutosha. Kutwa nzima nimeshona vitambaa vya pembetatu kwenye kamba, vya kupamba barabara ya mpakani kesho, sikukuu ya Jamhuri. Karatasi ya chifu inaviita bunting.

Nilimwuliza Mwalimu, mteja wangu, neno hilo limetoka wapi.

"Hakuna anayejua kwa hakika, mama," alisema. "Wengine husema mwanzo lilikuwa kitambaa chepesi cha kuchekechea unga. Wazungu wana ndege mdogo pia wa jina hilo."

Siku nyingine ningecheka. Leo nilikanyaga cherehani tu.

Mume wangu alivuka mpaka huu na lori la chumvi wakati wa kupanda mahindi. Madereva wenzake walisharudi Kenya. Wakiniona sokoni wanageuza macho.

Saa kumi kitambaa chekundu kiliisha. Nikatoa shati lake jekundu, lile la Krismasi, nikalikata. Nilingoja machozi. Hayakuja.

Vipande vyake vimetundikwa pale kwenye geti la mpaka. Akirudi kesho, ataliona shati lake kabla ya kuniona mimi.