Maziwa ya Wiki ya Kumi

Dada yangu,

Hapa tunaendelea. Shemeji yako amepaka rangi chumba cha nyuma, na ile cherehani uliyotuachia imetengenezwa.

Unakumbuka nilijiandikisha kwenye utafiti hospitalini, nipeleke maziwa yangu kila wiki, yapimwe protini? Mpimaji, mama mmoja mcheshi, alinieleza kwamba maziwa ya siku za kwanza yamejaa protini za kumkinga mtoto, kisha hupungua kadiri anavyokua.

Mpwa wako alifariki akiwa na wiki tatu. Sikukuandikia, mkono ulikataa. Ila maziwa hayakukauka, nami nikaendelea kuyakamua na kuyapeleka bila kumwambia mtu.

Jana nilimuuliza mpimaji, “Ya kwangu yanaendaje?”

“Vizuri mno! Protini zimepungua ipasavyo. Haya ndiyo maziwa ya mtoto wa wiki kumi. Siku moja mlete basi tumwone.”

Dada, mwili wangu unaendelea kumkuza mtoto niliyemzika. Nilimwambia ukweli. Akavua glavu, akaketi kando yangu, tukalia wote wawili.

Leo nimejifunga kifua kwa kitambaa. Njoo, dada. Siwezi kuyakausha peke yangu.

Mdogo wako