Marahaba Kutoka Leicester

Jumamosi. Upepo wa Singida leo hauna adabu. Nimefuta vumbi sebuleni na bado meza inaandikika kwa kidole.

Nimechanganyikiwa, niseme tu ukweli.

Jana familia ya yule kijana wa Leicester, Uingereza, ilipiga simu ya video kuniona. Kwetu sisi Wagujarati posa huanza na chai: msichana anaingia na sinia, wageni wanamkagua huku wakijifanya wanatazama vikombe. Mama alisisitiza niingie na sinia vilevile. Basi nikaiinamia simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari, nikawakaribisha chai watu walioko ng'ambo. Baba aliinywa yote, kisha akaitwa dukani.

Kijana anaitwa Nikhil. Ni mhasibu, mpole. Tuliulizana mambo ya shule na kazi. Sikumpenda, sikumchukia. Ana masikio mazuri.

Kisha simu akapewa bibi yake. Nilitakiwa kumsalimia kwa Kigujarati, ila mdomo ukatoa shikamoo, kama ninavyowaamkia wazee wote wanaoingia dukani kwetu. Mama akanifinya.

"Marahaba, mwanangu," bibi akaitikia. "Hujambo? Alizeti mwaka huu imekubali?"

Kumbe alizaliwa Ilongero, hapa hapa Singida, baba yake alikuwa na duka pale. Aliondoka akiwa binti, kwenda kuolewa. Tuliongea mpaka nikasahau kwamba nachumbiwa. Aliuliza habari za uwele, za kuku, za upepo huu huu. Nyuma yake familia nzima ilitabasamu bila kuelewa hata neno.

Ndipo, naye akitabasamu vilevile, akasema: "Mwanangu, unataka kuja huku? Mimi sikutaka, na hakuna aliyeniuliza. Kama hutaki, niambie. Nitawaambia sijakupenda. Hapa nikisema mimi, yamekwisha."

Nikacheka. Sikujua uso wangu niuweke wapi.

Kule hakuna aliyeelewa. Mama, pembeni yangu, alielewa kila kitu.

Kesho bibi atapiga tena kutaka jibu. Nikisema hapana, Baba hatalaumiwa na mtu. Itaonekana ni mimi niliyekataliwa. Mlango uko wazi kabisa. Shida ni kwamba tangu jana namuwaza bibi tu, mjukuu wake wala. Najiona nimekaa naye jikoni, tunaongea Kiswahili chetu cha bara. Mtu pekee anayenifanya nitamani kwenda ndiye aliyenionyesha pa kutokea. Na ni mzee. Akifariki, nitabaki Leicester na nani? Na masikio mazuri?

Hiyo ni sababu gani ya kuolewa?

Mama hajaligusa jambo hili tangu jana, ila mara moja tu. Yeye mwenyewe aliletwa hapa kutoka Porbandar, India, akiwa hajamwona Baba ila kwenye picha. Leo mchana tulikuwa tunasukuma chapati, akasema bila kuinua macho: "Mimi hata ningeulizwa, nisingejua la kujibu."

Akaendelea kusukuma.

Sijui alikuwa ananiambia niende au nibaki. Jioni nzima nimezunguka jikoni nikitaka kumuuliza: na leo, Mama, ungeulizwa leo, ungejibu nini?

Sijamuuliza. Naogopa kwamba sasa anajua la kujibu.