Farasi Hacheui

Jumanne, 9 Machi

Zamu yetu tena, mimi na Aloys. Mvua tangu alfajiri. Maji ya bombani, kuzoa samadi, kupiga brashi. Brashi, brashi, hadi mkono unakufa ganzi.

Farasi ni wawili. Baroni, dume mwekundu, mzee. Bijou, jike jeupe linalonuna. Maman Docteur, mtaalamu wetu wa mambo ya kichwa, ndiye aliyewavusha kutoka Kongo kuja huku Kamembe, Rwanda, kwa daraja la Rusizi ya Pili. Walikuwa wa mzungu fulani mwenye shamba juu ya Bukavu, aliyekimbia vita akaacha hata sahani mezani. Wanasema watu wa forodha walicheka mpaka wakasahau kuuliza karatasi.

Chuo kimesema wazi. Sisi tulioanguka mwaka jana wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari, tukapiga kelele ukumbini mpaka tukabebwa, ama tuje kutibiwa kwa farasi ama tupumzishwe masomo. Kupumzishwa! Neno tamu. Maana yake urudi kwa shangazi ukamenye viazi. Basi ninapiga brashi.

Siiamini dawa hii. Nimeandika hapa ili nisijidanganye baadaye.

Aloys naye hasemi kitu. Alikuwa amepanga kwetu Kadutu, mtaa wa Bukavu, kwa ajili ya shule, mtoto wa wafugaji kutoka milimani juu ya Uvira. Alilala chumba kimoja na mdogo wangu Désiré. Siku moja waasi waliwabeba wote wawili, wana miaka kumi na minne, wakawapa bunduki. Aloys alirudi. Désiré hakurudi. Miaka sita namwuliza alikufaje. Miaka sita anatazama viatu vyake. Ndiyo maana niliomba zamu moja naye. Si kwa huruma.

Alhamisi, 11 Machi

Leo tumecheka kidogo. Aloys amekaa nusu saa akitazama mdomo wa Baroni, uso umekunjamana, kisha akaenda kwa Maman Docteur. "Huyu ako mugonjwa. Hacheue." Sote sita wa kundi la farasi tukakubali. Kwetu ng'ombe asiyecheua unaita watu. Maman Docteur, Mkongomani wa mjini, mtoto wa mwalimu, akatueleza polepole kwamba farasi hacheui, hajawahi kucheua, tumbo lake si la ng'ombe. Tukaitikia. Naona kama hakuna aliyeamini.

Zoezi la leo: simama uwanjani, shusha pumzi, usimfuate farasi. Ukija na hofu atarudi nyuma. Ukitulia atakuja. Nikasimama kama mwanasesere saa nzima. Baroni alirudi nyuma saa nzima. Kwa Aloys akaenda moja kwa moja, akamlalia bega.

Nilimwonea wivu. Wivu wa farasi, mimi, mtu mzima.

Jumapili, 14 Machi

Baada ya misa nilimwona Aloys darajani. Kuna wanaume wa buti za mpira wanakaa pale upande wa pili, wanatafuta waliokwisha kushika bunduki. Vita vinarudi, au havikuondoka. Walimwita kwa jina lake la porini. Jina hilo sikulijua. Alisimama katikati ya wale mama wanaovusha nyanya, hakwenda mbele wala hakurudi.

Nilimshika mkono nikamrudisha kama mtoto. Hakubisha.

Akivuka, basi. Hakuna mwingine anayejua Désiré alilala wapi na alilalaje. Mama alikufa akiuliza. Sitaki kufa nikiuliza.

Jumatano, 17 Machi

Baroni alikuja.

Sikufanya lolote. Nilikuwa nimechoka tu, nimekasirika na nimechoka, nikaacha mabega yashuke. Nikasikia pumzi shingoni. Kisha uzito wa kile kichwa. Nililia kamasi zikanishuka mpaka kidevuni, wenzangu wakitazama. Aibu. Maman Docteur hakunigusa, na namshukuru kwa hilo.

Nimelala usiku mzima. Sikumbuki mara ya mwisho.

Na jioni Aloys, tukibeba ndoo. "Yaya, nitakuambia. Bado kidogo." Hivyo tu. Yaya, dada mkubwa, kama alivyoniita Kadutu. Ameanza kumwimbia Baroni zile sifa wafugaji wanazowaimbia ng'ombe, kwa Kinyarwanda, mdomo ukiwa sikioni pake. Amempa na jina la ng'ombe wa baba yake, Bihogo. Anamwambia mambo. Nikikaribia ananyamaza. Sijali. Aanze na farasi, atanifikia.

Nina tumaini. Silipendi hata kidogo.

Jumamosi, 20 Machi

Maman Docteur amevuka kwenda kuwaona watoto wake Bukavu. Atarudi Jumatatu. Ametuachia pumba na majani makavu ya siku mbili, na onyo: msibadilishe chakula. Tukaitikia.

Jumatatu, 22 Machi

Risasi ng'ambo tangu asubuhi. Mabomu pia, madirisha ya bweni yanatetemeka. Daraja limefungwa, na lile la Rusizi ya Kwanza limefungwa. Watu wamejaa ziwani kwa mitumbwi, na magodoro, na kuku. Maman Docteur hakurudi. Simu haipatikani.

Wasichana wawili wa kundi letu wamelala chini ya vitanda. Mimi nimelala juu ya kitanda nikihesabu milio. Usingizi hauji tena. Basi, wiki mbili za brashi zimekwenda na maji.

Jumanne, 23 Machi

Pumba imekwisha. Nyasi za karibu zimelowa, na zaidi ya hapo ni mashamba ya watu. Tulikaa sita tukashauriana kama wazee. Kila mmoja wetu amekulia nyuma ya mkia wa ng'ombe, au baba yake. Ng'ombe aliyedhoofika unampa nini? Machicha ya mtama. Kuna mama anapika pombe ya mtama Kamembe, kila asubuhi anamwaga machicha. Ng'ombe akila hayo anatoa maziwa mpaka unakosa vyombo.

Nilibeba ndoo moja kichwani. Fidèle, mwenzetu wa kundi, moja, Aloys moja. Bijou alinusa akageuza kichwa, malkia. Baroni alikula zote. Tulimsifu. Aloys alimkwaruza paji la uso akamwambia kula, mzee wangu, kula.

Jumatano, 24 Machi

Baroni yuko chini.

Anagaagaa. Anasimama, anajitazama ubavuni, anaanguka tena. Jasho limemlowesha kama katoka ziwani. Tumbo limevimba, ukiligonga linalia.

Fidèle alikimbia kumtafuta daktari wa mifugo. Yuko mbali, Bugarama, anatibu mbuzi. Tukabaki tumesimama. Wote tulijua ni nini. Tumeliona mara ngapi, ng'ombe aliyekula majani mabichi ya umande, amevimba, baba anapima shubiri moja kutoka mfupa wa nyonga, upande wa kushoto, anachoma kisu, hewa inapiga mluzi, ng'ombe anainuka na kwenda malishoni kana kwamba hakuna kitu.

Aloys alikwenda jikoni akachukua kisu, akakichemsha. Akasema: "Nimuache tu? Nikae tu nimutazame?" Hakuna aliyesema hapana. Mimi pia sikusema. Alipima shubiri. Nilimtazama mikono, imara kama ya fundi. Akachoma.

Hewa ilitoka kidogo. Kisha maji machafu.

Baroni aliinuka. Tulipiga makofi. Aloys alicheka, kicheko cha sauti, cha Kadutu, cha chumba kile cha nyuma. Désiré alikuwa anacheka vilevile. Nilimkumbatia.

Alhamisi, 25 Machi

Baroni hali. Hanywi. Amesimama pembeni, anatetemeka, masikio ya moto. Harufu imeanza pale penye kidonda.

Aloys hajatoka bandani.

Ijumaa, 26 Machi

Baroni amekufa kabla jua halijatoka.

Fidèle alisema, kwa sauti, mbele ya wote: "Kadogo anajua kazi moja ya kisu." Kadogo, ndivyo walivyowaita watoto wa bunduki. Fidèle aliyebeba ndoo kama sisi! Nilimpiga kofi. Lakini Aloys alikwisha kusikia.

Kiongozi wa mtaa alikuja akaziba pua. Mzikeni leo, mbwa wameanza. Zikeni. Tukatazamana. Shimo la farasi ni shimo refu, la kina. Katika mji huu, zikibaki siku chache kufika maombolezo, nani wa kundi letu atachimba shimo refu? Msichana mmoja alikaa chini akaanza kupumua vibaya. Fidèle mwenyewe aliondoka na ulimi wake.

Aloys alichukua jembe na koleo. Akachimba peke yake.

Watu walianza kuja. Hapa mifupa ya waliouawa bado inatafutwa; ukichimba shimo la namna hiyo watu hutoka majumbani, wanasimama mbali, hawaulizi. Bibi mmoja alisogea, rozari mkononi, kanga imefungwa vizuri kama ya kanisani. Akaniuliza kwa adabu, kwa sauti ya chini, "Mumepata wangapi?"

Nikamwambia ni farasi, Maman. Akaitikia. Hakuondoka. Alibaki pale mpaka tulipomaliza, nadhani hakunisadiki.

Adhuhuri nilishuka shimoni. Sijui niliwezaje. Udongo ulikuwa umenifika mabegani. Tulichimba pamoja. Kisha Aloys, bila kusimamisha koleo, bila kunitazama, alisema.

"Désiré hakupigwa risasi, yaya. Njaa ndiyo ilimumaliza. Alikuwa ameniegemea hapa. Nilikuwa na biskuti mu mufuko. Nilizificha. Nikakaa tu, nikamutazama mpaka akaisha. Nikazikula kisha."

Halafu: "Na huyu nilisema, safari hii sitakaa tu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa panga, kwa risasi, kwa mto. Kwa biskuti sikujiandaa.

Aliacha koleo akasubiri. Alinitazama usoni, yeye asiyemtazama mtu. Nilijua anasubiri nini. Neno moja lingetosha, hata tusi. Nikainama nikachota udongo.

Tulimvuta Baroni kwa kamba, watu wanane kutoka mtaani walisaidia. Tukamfunika.

Jumamosi, 27 Machi

Ninamchukia. Alikuwa mtoto, najua. Kumi na minne, najua. Nimejihesabia yote hayo tangu asubuhi. Ninamchukia.

Nilikuwa namwekea Désiré nyama kwenye sahani chini ya kitambaa akichelewa shule. Alikuwa hawezi njaa, akikosa mlo mmoja analia kabisa, dume zima.

Aloys alikuja kantini akakaa meza yangu. Nikahama.

Jumapili, 28 Machi

Sikwenda misa. Milio imetulia ng'ambo. Wanasema daraja litafunguliwa kesho.

Bijou hali kitu. Nikimkaribia anarudi nyuma mpaka ukutani.

Jumanne, 30 Machi

Aloys hakuja zamu. Kitanda chake kimetandikwa, blanketi limekunjwa pembe nne kama la jeshi. Msichana anayeuza mikate darajani anasema alimwona akivuka jua halijatoka. Alikuwa na buti za mpira. Walimpokea kwa kelele, mmoja alimpiga mgongoni.

Nilipiga brashi peke yangu.

Ijumaa, 2 Aprili

Maman Docteur amerudi. Amekonda, watoto wake wako hai, nyumba imeibwa mpaka bawaba za milango. Alikaa muda mrefu pale penye udongo mpya. Hakulaumu mtu. Alisema tu kwamba farasi hata kutapika hawezi, chochote kibaya kikiingia kinabaki humo humo, na kwamba alipaswa kutuambia hilo badala ya kutuambia msibadilishe. Kisha akauliza nani anataka kuendelea na Bijou. Nikanyoosha mkono. Tulikuwa wanne.

Wiki ijayo ni maombolezo. Chuo kimeweka magodoro nyuma ya ukumbi, tayari kwa watakaoanguka.

Jioni Maman Docteur aliniita ofisini, akanimiminia chai, akauliza habari za Aloys. Alikuwa anaendelea vizuri kuliko wote, alisema, ilikuwa bado kidogo tu. Nikamwambia aliondoka bila kuaga mtu.

Aliaga. Alfajiri ile ya Jumanne alikuja mpaka mlangoni kwangu, akagonga taratibu, akaita "yaya". Akagonga tena. Nilikuwa macho. Nililala nikitazama ukuta mpaka nikasikia buti zake kwenye kokoto, zikishuka kuelekea barabarani.